Mzambarau Nilioupanda Kabla Sijazaliwa

Tap. Kimya. Tap, tap. Kimya tena. Halafu tap-tap-tap-tap, kama mtu amemwaga kisahani cha maharagwe juu ya mabati.

Nikifumba macho hata leo naisikia: zambarau zilizoiva zikianguka juu ya nyumba yetu alfajiri. Baada yake huja miguu ya mama ikikimbia, na vyombo vikigongana. "Mvua! Jamani amkeni, mvua!" Anatoka na beseni mkononi na sufuria chini ya kwapa, anasimama uani, anaangalia juu. Mbingu ni kavu kama ngozi ya ngoma. Chini ya nyayo zake zambarau zimepasuka, zimemchora miguu rangi ya wino.

Baba yuko ndani bado, anacheka chini ya blanketi.

"Umekinga ngapi?" anamwuliza.

"Cheka tu, baba. Siku ikinyesha kweli utakunywa hicho kicheko."

Mama hakuwa mjinga. Alijua kabisa kuwa ni zambarau, na kila mwaka alitoka. Kule kwetu, upande wa Makueni, mtu akisikia kitu kinachofanana na mvua halafu akalala, huyo ndiye tunayemshangaa.

Mti wenyewe ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba, umeinama juu ya paa kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Ulikuwa mkubwa mno. Matawi yalikuwa yameingiliana mpaka hujui lipi linatoka wapi, mengine yamekauka na bado yanashikiliwa na wenzao, na mengine yamelala juu ya mabati kabisa. Matunda yalikuwa juu sana, mahali pa ndege na popo. Sisi tulipata yale waliyoyaangusha. Majani yaliziba mfereji wa bati uliokuwa chini ya paa, na ikinyesha, pipa letu lilijaa maji ya zambarau, yenye povu, yenye harufu ya ndege. Nilifua gauni langu jeupe la Sunday school kwa maji hayo siku moja, likawa na ramani. Mama alitazama akasema, "Sawa, sasa una gauni la maua."

Ule mti ulikuwa wa nyanya yangu, mama yake baba. Alileta mbegu kutoka stesheni ya reli, amezifunga kwenye pembe ya leso, akapanda moja, na mwaka wa njaa akaunywesha maji aliyooshea vyombo huku mbuzi wakimwangalia kwa wivu. Alikufa kabla mimi sijazaliwa. Halafu nikazaliwa mimi, binti wa kwanza, na kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Na kwetu ukipewa jina umepewa mtu pamoja nalo.

Basi baba hakuniita jina langu hata siku moja. Angewezaje kumwita mama yake jina? Aliniita Mwaitu, yaani mama. Nikilia nikiwa mdogo alikuwa akija mbio: "Mwaitu, usinilaani, nimefanya nini?" Mama naye, kwa heshima na kwa utani, aliniita mama mkwe. "Mama mkwe, amka ukawashe moto." "Mama mkwe, hebu acha kuota, mbuzi wameingia kwenye mbaazi." Wageni wakisikia walishangaa, mama mkwe gani huyu asiye na viatu.

Kulikuwa na mwanamke mzee sana aliyeuza tumbaku katika soko la mji wa Wote. Kila akiniona ananishika mkono.

"Wewe! Chungu changu kiko wapi?"

"Chungu gani, Susu?" Susu kwetu ni nyanya.

"Susu ni wewe! Chungu ulichoazima ukapikie uji wa harusi ya mtoto wako."

Nilipokuwa mdogo niliogopa, nikifikiri kweli niliazima. Baadaye nilijifunza. Nikamjibu, "Kilivunjika, mwenzangu."

"Nilijua! Hata wakati ule mikono yako ilikuwa ya siagi." Na ananipa ndizi.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na masomo yakaishia hapo. Sikuhuzunika sana, kusema kweli. Nilikuwa na mzambarau. Mle ndani ya matawi kulikuwa na vyumba. Kulikuwa na sebule, tawi pana lenye mgongo laini, na jikoni, mahali matawi matatu yanapokutana kama mafiga, na dirisha moja tu, upande wa mashariki, ambapo ungeona vilima vikipanda kimoja juu ya kingine mpaka vinakuwa bluu, na vumbi la lori kwenye barabara ya Wote likisimama hewani muda mrefu baada ya lori lenyewe kwenda zake. Mwanga mle ulikuwa wa kijani, wa kutikisika, kama uko ndani ya chupa. Hapo nilikuwa mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa mke wa dereva. Siku nyingine nilikuwa mtu tu, mwenye viatu vya kisigino, anayesubiri kitu kizuri na hana haraka. Na mara nyingi nilikuwa Nyanya mwenyewe. Nilijaribu kukumbuka siku niliyopanda mbegu. Usicheke. Kuna siku nilikaribia.

Sasa, kulikuwa na kikundi cha kina mama, mwethya kama tunavyokiita, cha kusaidiana kazi: leo kwangu, kesho kwako. Walianza kwa kulima, wakaendelea kwa kuezekeana mabati nyumba kwa nyumba. Wakati ninaousimulia, mwanzoni mwa miaka ya themanini, walikuwa wamefika kwenye matangi ya maji. Kila nyumba kwa zamu yake: wanabeba mchanga kutoka mtoni, wanaponda kokoto, fundi anakuja na simiti, na baada ya wiki mama fulani ana tangi la kukinga maji ya paa lake. Zamu ya mama ikafika.

Ilikuwa mwezi wa pili, kiangazi kikali, zambarau zikianguka. Mwenyekiti wa kikundi alikuja Jumamosi kukagua mahali. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alizunguka nyumba mara moja, akasimama chini ya mzambarau, akaangalia juu mpaka kilemba kikaanguka.

"Huu ni mti ama ni msitu?"

"Ni mti wa mama yake baba watoto," mama akasema polepole.

"Ninajua ni wa nani. Mimi nilikula matunda yake kabla wewe hujavuka mto kuja huku." Mama alikuwa ameolewa kutoka upande wa Kitui, karibu na Kwa Vonza, na watu hawakumwacha asahau. "Lakini sikiza. Paa lako limeinamia huku, maji yatakuja huku, tangi litakaa huku. Na mti huu ukiwa juu yake, wewe utakunywa uchafu wa popo. Tutakuja Jumatano na shoka zetu. Mkiamua ukatwe, tunakata, Alhamisi fundi anaanza. Mkiamua hapana, mwatuambia, tunakwenda kwa yule anayefuata. Zamu yako itarudi mzunguko ukiisha."

Nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi, za vilima viwili. Kuzizunguka zote ni kusema mimi nitakuwa nimeolewa na mama atakuwa bado anakwenda mtoni.

Jioni hiyo tulikula mapema, kukiwa bado na mwanga. Muthokoi, mahindi ya kutwangwa na maharagwe. Sahani zikafika nusu. Mama ndiye alianza, akiangalia ukuta.

"Mwenyekiti alikuja."

"Nimesikia mpaka sokoni," baba akasema. Alikuwa fundi wa baiskeli Wote, na kila habari ilimfikia kabla ya jioni. "Mimi siwezi kuinua shoka juu ya mti wa mama yangu. Mkono utakauka."

"Sikusema uinue."

"Kwa hivyo ukate wewe."

"Mimi?" Mama akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nikate mti wa mama mkwe wangu, watu waseme huyu wa Kitui alikuwa akimngojea tu aende? Tangu lini mke wa mtoto akakata mti wa mwenye boma?"

"Basi."

"Basi."

Nikaona wote wawili wamegeuka, wananiangalia mimi. Nilikuwa nimejaza mdomo maharagwe.

"Mwenyewe si huyu hapa?" baba akasema.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilifikiri ni ule utani wetu wa siku zote. Lakini baba aliweka sahani chini, akavua kofia, akakaa vile anavyokaa mbele ya wazee wa kanisa.

"Mwaitu," akasema, "mti ni wako. Uliupanda wewe. Wanao hatuna ruhusa. Tuambie tufanye nini."

Sasa fikiria. Msichana ambaye hata kuku wa Krismasi alikuwa anamkimbia asimwone akichinjwa. Nilisema, "Nipeni mpaka Jumanne," na sauti yangu ilitoka nzito, sijui kutoka wapi, na baba akaitikia, "Ndiyo, Mama."

Jumapili kanisani nilitega masikio kusikia neno lolote la mti. Nilifikiri Mungu angepitishia jibu lake hapo. Mchungaji akahubiri Yona na samaki, kwa muda mrefu sana. Nilirudi nyumbani, nikapanda mpaka sebuleni kwangu, nikakaa na miguu ikining'inia, nikamwita Nyanya kwa jina letu.

"Unasemaje?" nikamwuliza.

Upepo ukaja, mti wote ukapumua. Zambarau moja ikanigonga begani. Niliila. Ilikuwa tamu na yenye kukausha ulimi, kama kawaida yake. Nikangoja jibu lingine. Nilingoja mpaka dirisha la mashariki likawa bluu, na nililoona tu ni kwamba nilikuwa nikijiuliza mwenyewe na kujinyamazia mwenyewe. Nilishuka nimejaa huzuni tamu, ile huzuni unayoipenda kidogo, na nikajua ninataka jambo gani. Nilitaka wote waende zao, mti ubaki. Nilikuwa tayari kusema hivyo.

Jumatatu nilikwenda na mama mtoni.

Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Unachimba shimo mpaka ufike kimo cha mtu, unaingia, unangoja. Maji yanakuja kidogo kidogo, kama mtu mwenye aibu. Unateka kwa kibuyu, unampa mwenzako wa juu, anamimina kwenye mtungi, mnangoja tena. Mimi nilikuwa ndani ya shimo. Mama alikuwa ameketi ukingoni, ukanda wa kubebea mtungi, ule wa kuvishwa kichwani, umelala mapajani mwake. Jua lilikuwa nyuma yake. Kutoka chini kule niliona paji la uso wake kwa namna ambayo sijawahi kuliona, lile bonde ambalo ukanda ulikuwa umelichimba tangu alipokuwa msichana, laini, linang'aa, kama njia ya mbuzi kwenye mwamba.

"Nyanya alikuwa mtu wa namna gani?" nikauliza.

"Kwani hujijui?"

"Mama."

Akafikiri. "Alikuwa mkali wa midomo. Asubuhi ya kwanza nilipoolewa alinipa ufagio. Akasema, mti ni wangu, kivuli ni changu, majani ni yako." Akacheka. "Nimefagia majani yale tangu siku hiyo. Ninafagia, ninageuka kuweka ufagio, yameanguka mengine."

"Ulimchukia?"

"Hapana. Alinifunika na leso yake mwenyewe nilipokuwa na homa. Na mdomo bado ukiongea." Akapokea kibuyu, akamimina bila kumwaga tone. "Mtu ni mchanganyiko."

Maji yalikuwa yakija tena kati ya vidole vyangu vya miguu, baridi.

"Mama, wewe unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Wala baba, wala mwenyekiti, wala mimi na ndoto zangu zote za ndani ya chupa. Alikunja ukanda mapajani, akaukunjua.

"Mimi ninataka maji," akasema. Halafu haraka, akiangalia huku na huku kwenye mchanga mtupu: "Lakini usiseme nimesema."

Tulipanda kilima kurudi. Yeye mbele, ameinama, mtungi mgongoni, mimi nyuma na wangu. Nilikuwa nikiangalia visigino vyake. Njia nzima sikuota kitu, na kwangu hilo ni jambo la ajabu.

Jumanne jioni nilijifunga leso ya mama kiunoni, ili nifanane kidogo. Wakakaa. Baba akavua kofia.

"Ukatwe," nikasema. "Lakini using'olewe. Ukatwe hapa." Nikaweka mkono kifuani mwangu kuonyesha kimo. "Kisiki kibaki. Na tangi lisogee kwenye pembe ile ya banda la kuku, mfereji urefushwe kidogo. Na mtu yeyote asiseme ni neno la mke wa mwanangu. Ni neno langu."

Baba alifuta macho kwa kofia. Mama aliinuka kwenda kuangalia chai ambayo haikuwa motoni.

Asubuhi yake walikuja wakiimba, shoka na panga mabegani. Mwenyekiti akasikia uamuzi akaweka mikono kiunoni.

"Kisiki kibaki kwa nini? Mizizi je?"

"Tangi litasogea," nikasema.

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akapiga makofi. "Jamani, ndiye kabisa! Hata akiwa hai alikuwa hivi. Nusu ndiyo, nusu hapana, na wote mnamtii!"

Baba akaniletea shoka. Kwetu mwenye mti hukata kwanza, ndipo mkono wa mwingine uwe hauna hatia. Nililiinua. Nikaligonga gome mara moja, na shoka likaruka likarudi kama limekataa. Wanawake wakapiga vigelegele na kicheko pamoja.

"Mpeni uji huyo, shoka limemshinda!"

"Mwacheni, ni mzee huyo, ana mamia ya miaka!"

Nikagonga tena. Kipande chekundu kidogo kikaruka, chenye majimaji, na nikampa shoka mwenyekiti na kukimbilia nyuma ya banda.

Lakini huwezi kukaa nyuma ya banda siku nzima. Matawi ya juu yalipoanza kushuka, zambarau zilinyesha. Sijaona tena kitu kama kile. Zilianguka juu ya vilemba, juu ya watoto migongoni, ndani ya vikombe. Wanawake waliacha shoka wakaziokota, wakala wakiwa wameketi juu ya matawi yaliyoanguka, na walipoanza kuimba tena midomo yao yote, wazee kwa vijana, ilikuwa ya zambarau. Mimi nilikuwa nikilia na kula, kula na kulia. Mwenyekiti akanitolea ulimi wake. Ulikuwa mweusi kama wa mbuzi. Nikacheka kwa nguvu na machozi yakaingia mdomoni.

Mchana, gogo la mwisho lilipokwenda chini, wote tukaangalia juu. Mbingu ilikuwa imekuja karibu sana. Jua likaingia kwa mlango wa nyuma mpaka ndani ya jiko la mama, mahali ambapo halikuwahi kufika, na tukaona masizi yote, na kijiko tulichokuwa tumekitafuta tangu mwaka uliopita. Nyumba ilionekana ndogo na yenye aibu, kama mtu amenyolewa. Mama alisimama na ufagio wake, akaangalia ardhi, akausimamisha ukutani.

Tangi lilijengwa. Lilikuwa la mviringo, la kijivu, na kwa siku nyingi baba alikuwa akiligonga kwa vidole akipita, akisikiliza. Mvua ya masika ilikuja mwaka ule bila kudanganya. Maji yakaingia yakiwa meupe. Mama alifungua bomba, akafunga, akafungua, akafunga, akaniambia, "Mama mkwe, njoo uone," nami nikaona. Alikunywa kikombe kimoja amesimama, halafu akaketi chini kwenye tope na gauni lake la kanisani.

Kisiki kilikaa kimya muda wote huo. Ndipo, wiki chache ndani ya mvua, kikachipua. Machipukizi yalitoka kila mahali, pembeni, juu, hata chini karibu na udongo, mekundu kwanza, halafu ya kijani inayong'aa, yamesongamana kama watoto kwenye mlango wa kliniki. Nilifurahi hadi nikaimba. Baba akasema, "Mwaitu, ukiyaacha yote utapata kichaka kingine. Na yale ya upande huu yataota tena juu ya paa." Halafu akapanda baiskeli akaenda kazini, kana kwamba hakusema kitu.

Niliyaacha siku kadhaa. Kila asubuhi nilikwenda kuyaangalia, na kila asubuhi yalikuwa marefu zaidi, kila moja na majani yake mawili madogo yamefungana kama viganja.

Siku moja mama alikuwa kanisani kwenye mkutano wa kina mama, na uani hakukuwa na mtu, ila kuku. Ukungu ulikuwa bado kwenye vilima. Nilipiga magoti mbele ya kisiki, nikachagua mawili ya kuacha, yaliyoelekea shambani, mbali na nyumba, nikayafunga kila moja uzi wa leso ili nisikosee. Halafu nikaanza upande wa paa. Nilishika la kwanza kwa vidole viwili, karibu kabisa na gome, nikalivunja.